Makro Mkononi mwa Karani: Daftari Limwone na Ambaye Hakuja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kliniki ya maradhi sugu, mali hiyo ni mgonjwa mwenyewe, naye anaweza kupotea hata pale ambapo daftari lipo. Daftari humwandika siku aliyofika: jina, umri, shehia, kiwango cha sukari, shinikizo la damu, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ikiwadia naye asitokee, ukurasa wa siku hujaa majina ya waliofika, na jina lake halimo. Hakuna mstari wa kumwandika aliyekosekana. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa huyo hurudi kwa mlango mwingine, akiwa na kidonda cha mguu kilichooza, au macho yaliyopoteza nuru, au amepooza upande mmoja kwa kiharusi.

Katika kisiwa cha Unguja kukosekana huko kuna sababu zinazoeleweka. Mkaazi wa Mji Mkongwe anaweza kwenda Mnazi Mmoja kwa miguu. Anayetoka Nungwi husafiri zaidi ya kilomita 50 kwa daladala, akapoteza siku nzima ya uvuvi, ya shamba la mwani au ya kazi ya hoteli. Akikosa mara moja, huona haya kurudi. Akikosa mara mbili, hujiona hayumo tena katika hesabu ya kliniki. Simu moja ya muuguzi, au hodi moja ya mhudumu wa afya wa jamii, mara nyingi hutosha kumrejesha. Lakini ili apigiwe simu, lazima kwanza mtu agundue kwamba hakuja.

Kugundua ni kulinganisha orodha mbili: ya waliotakiwa kufika na ya waliofika. Kompyuta huimaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Karani wa kumbukumbu anayefunua kurasa kwa mkono huhitaji siku nzima, na kwa kuwa siku hiyo haipatikani, kazi haifanywi. Basi swali lililo mbele ya wakuu wa kliniki ni hili: nani aifundishe kompyuta kazi hiyo? Jibu lililozoeleka ni kumtafuta mtaalamu aandike programu. Jibu linalotetewa hapa ni jingine: kwa kazi ndogo za kujirudia za kanzidata ya mezani, afundishwe karani mwenyewe kutumia makro, na msimbo ubaki kwa kazi zinazouhitaji kweli. Anayelijua daftari ndiye anayefaa kuushika ufunguo wake.

Makro ni kitu gani

Makro katika kanzidata kama Access, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992, ni orodha ya vitendo vilivyopangwa kwa mfuatano, ambavyo kompyuta huvitekeleza kimoja baada ya kingine kwa kubonyezwa kitufe kimoja. Anayeiunda haandiki lugha ya programu. Huchagua kitendo kutoka katika orodha iliyokwisha kutayarishwa, kama vile kufungua fomu, kuendesha hoja, kuchapa ripoti au kutoa ujumbe, kisha hujaza nafasi chache: fomu ipi, ripoti ipi, kwa sharti gani. Hoja, katika lugha hii, ni swali ambalo kanzidata huulizwa nayo ikajibu kwa orodha. Tabibu anaweza kuifananisha makro na maagizo anayoyaandika katika chati ya mgonjwa wodini: pima joto, likizidi kiwango fulani toa dawa, kisha andika ulichofanya. Muuguzi wa zamu inayofuata huyasoma na kuyaelewa bila ya kumtafuta aliyeyaandika.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyo mmoja. Katika programu za Word na Excel, makro ni msimbo uliovikwa jina jingine. Mtumiaji hurekodi vitendo vyake, na nyuma ya pazia programu huviandika kwa lugha ya kompyuta. Ni makro za namna hiyo zilizobeba kirusi cha Melissa kilichosambaa duniani kwa barua pepe mwezi Machi 1999, na ndizo zilizowafanya mafundi wengi wa kompyuta walichukie neno lenyewe. Makro ya Access si rekodi wala si msimbo. Ni orodha inayosomeka, na vitendo vyake vinavyoweza kuleta madhara huzuiwa hadi mwenye kompyuta athibitishe kwamba faili anayoifungua anaiamini.

Chukua mfano wa kliniki ya kisukari. Kanzidata ina jedwali la wagonjwa na jedwali la mahudhurio. Hoja moja hutafuta kila mgonjwa ambaye tarehe yake ya kurudi imepita kwa siku 14 au zaidi, naye hana hudhurio lolote baada ya tarehe hiyo. Makro huiendesha hoja hiyo na kuhesabu majina. Ikiwa hakuna, hutoa ujumbe mfupi na kukoma. Ikiwa yapo, hufungua ripoti iliyopangwa kwa shehia, huhifadhi nakala yenye tarehe ya siku hiyo, kisha humwambia karani ni wangapi. Ikipewa jina la AutoExec, makro hujiendesha yenyewe kila asubuhi kanzidata inapofunguliwa. Hivyo, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuitwa, mezani pana orodha ya wale ambao hawakuja.

Funzo lililokwisha kupatikana Zanzibar

Zanzibar si ngeni katika jambo hili. Mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS ulizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kumalizika kwa utawala wa ubaguzi wa rangi, kwa ajili ya wilaya za afya za Cape Town, na matoleo yake ya mwanzo yalijengwa juu ya Access. Kuanzia mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, iliutumia mfumo huo kukusanya takwimu za wilaya za Unguja na Pemba. Baadaye ukaja DHIS2, unaofanya kazi kwa seva na mtandao.

Jambo la kukumbukwa zaidi katika historia hiyo halimo ndani ya kompyuta. Mwaka 2012 Jørn Braa, Arthur Heywood na Sundeep Sahay walichapisha makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani kuhusu warsha zilizofanywa Zanzibar kila robo ya mwaka. Katika warsha hizo watumishi wa wilaya na wa programu za afya walisimama mbele ya wenzao, wakawasilisha takwimu zao wenyewe, wakaulizwa na kukosolewa. Ubora wa takwimu ulipanda kwa sababu waliozikusanya walianza kuzitumia na kuzitolea maelezo. Mtu huitunza namba anayojua kwamba ataulizwa habari zake.

Funzo hilo linaihusu makro moja kwa moja. Kazi ya msingi ya mfumo wa taifa ni hesabu za jumla: wangapi walitibiwa, wangapi walichanjwa, wangapi walijifungua. Hesabu hizo zinahitajika wizarani, wala kanzidata ndogo ya kliniki haipaswi kushindana nazo. Lakini muuguzi hapigi simu kwa hesabu. Hupiga simu kwa mtu. Orodha ya watu huishi karibu na chumba cha daktari, na anayeijua ni karani anayefahamu kwamba Fatma na Fatuma wa shehia moja huenda wakawa mtu mmoja, na kwamba Khamis aliyeandikwa leo ndiye Hamisi aliyeandikwa mwaka jana. Hakuna mtaalamu wa mbali atakayeyajua hayo kwa kusoma majina ya safu za jedwali.

Udhaifu wa programu isiyo na mwenyewe

Anayependelea msimbo ana hoja zake, na baadhi yake ni nzito. Msimbo hufanya mambo ambayo makro haiyawezi au huyafanya kwa taabu: kupitia rekodi moja baada ya nyingine kwa mahesabu marefu, kuzungumza na mashine za maabara, kupeleka taarifa katika mifumo mingine. Programu iliyoandikwa vizuri hujaribiwa kabla ya kutumika, na kila badiliko lake huhifadhiwa na kulinganishwa na lililotangulia. Access yenyewe ina mipaka yake: faili moja haiwezi kuzidi gigabaiti 2, huhitaji kompyuta ya Windows na leseni ya kulipiwa, wala haifai kuendesha hospitali nzima. Anayetaka kusajili kila mgonjwa wa hospitali kubwa, kutoka mapokezi hadi duka la dawa, asitafute makro. Atafute mfumo kamili na watu wa kuutunza.

Lakini kliniki moja yenye wagonjwa mia chache si hospitali nzima. Kwa kliniki hiyo, programu ya msimbo mara nyingi huja kwa njia inayojulikana katika nchi nyingi za Afrika: mradi unaleta fedha, mtaalamu anaajiriwa kwa mkataba, anaandika programu nzuri, anakabidhi, anaondoka. Mwaka unaofuata wizara inabadilisha fomu, dawa mpya inaongezwa katika orodha, au mipaka ya shehia inarekebishwa. Badiliko ni dogo, lakini limefungwa ndani ya lugha ambayo hakuna aliyebaki anayeisoma. Karani huanza kuandika pembeni mwa daftari yale ambayo programu haiyapokei. Baada ya muda pembeni hujaa, na kompyuta huwekewa kitambaa ili isiingie vumbi.

Makro haikingi moja kwa moja dhidi ya msiba huo, ila huupunguza makali, kwa sababu kuisoma hakuhitaji elimu ya programu. Karani mpya anaweza kuifungua, akaona kwamba hatua ya tatu hutumia sharti la siku 14, akamwuliza daktari, akaigeuza iwe 7. Anaweza pia kuipa jina la Kiswahili. Majina ya majedwali, fomu, hoja na makro huandikwa na mwenye kanzidata, na hakuna kinachomlazimisha kutumia Kiingereza. Makro iitwayo OrodhaYaWasiorudi hujieleza, na ujumbe wa onyo ulioandikwa kwa Kiswahili husomwa, wakati onyo la Kiingereza hubonyezwa tu ili liondoke. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwa ajabu kanzidata ya Unguja ishindwe kuzungumza na karani wake kwa lugha hiyo.

Hatari ya kosa lililo kimya

Kumpa karani uwezo bila ya kumpa mipaka ni kumdhulumu yeye na mgonjwa. Kosa la mkono hutokea mara moja. Kosa la makro hujirudia kila inapobonyezwa, kwa kasi na kwa unadhifu, hata likafanana na ukweli.

Uingereza ililijua hilo kwa gharama. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, watu 15,841 waliothibitishwa kuwa na UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku. Taarifa za maabara zilikuwa zikihamishwa moja kwa moja katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao haupokei zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Nchi tajiri yenye wataalamu wengi ilipoteza majina kwa sababu hakuna hatua iliyouliza swali jepesi: yaliyoingia ni mangapi, na yaliyotoka ni mangapi?

Katika kanzidata ya mezani hatari hizo zina sura tatu ambazo kila karani anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni tarehe. Afrika Mashariki huandika siku kabla ya mwezi. Lakini tarehe iliyoandikwa kwa namba ndani ya hoja ya Access, kati ya alama zake za reli, husomwa kwa desturi ya Marekani: mwezi kwanza. Hivyo 05/03/2024, ambayo kwa karani ni tarehe 5 Machi, kwa kompyuta ni tarehe 3 Mei. Ubaya wake ni kwamba 25/03/2024 husomwa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Makro itakayojaribiwa mwishoni mwa mwezi itaonekana salama, na itakosea katika siku 12 za mwanzo za kila mwezi. Dawa yake ni kutoandika tarehe ndani ya hoja kabisa: tarehe ichukuliwe kutoka kisanduku cha fomu kilichowekwa kuwa cha tarehe, au kutoka saa ya kompyuta yenyewe, baada ya kuhakikisha kwamba saa hiyo ni sahihi.

Ya pili ni vipimo. Mashine moja hutoa sukari kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza kwa takriban mara 18. Sukari ya 7.0 ya mgonjwa aliyefunga, ambayo ndiyo mpaka wa kuutambua ugonjwa wa kisukari kwa kipimo cha kwanza, ni 126 kwa kipimo cha pili. Karani akiandika 126 katika safu ya milimoli, wastani wa kliniki nzima huharibika. Kanuni ya uhakiki iliyowekwa katika safu hukataa namba hiyo papo hapo, na makro za data, zilizoletwa na Access ya mwaka 2010, huweza kufanya zaidi: hukaa katika jedwali lenyewe, hivyo hufanya kazi kupitia fomu yoyote, na huweza kuandika katika jedwali la kumbukumbu thamani ya zamani kila inapobadilishwa. Daftari la karatasi lina kanuni ya kukata kosa kwa mstari mmoja ili kilichoandikwa mwanzo kiendelee kusomeka. Daftari la kompyuta lisiwe na adabu pungufu.

Ya tatu ni onyo lililozimwa. Access humwuliza mtumiaji kabla ya kufuta au kubadilisha rekodi nyingi kwa pamoja. Swali hilo huchosha, na kipo kitendo kiitwacho SetWarnings kinachoweza kulinyamazisha. Kikitumiwa katika makro, maonyo hurudi makro inapomalizika. Kikitumiwa katika msimbo, hubaki yamezimwa hadi mwandishi akumbuke kuyawasha. Kwa njia zote mbili, makro inayofuta rekodi za wagonjwa kimyakimya ni sawa na mpasuaji anayefunga jeraha bila ya kuhesabu vitambaa.

Masharti ya kumkabidhi

Kutokana na hatari hizo hupatikana masharti machache ambayo mkuu wa kliniki anaweza kuyaweka bila ya kusubiri bajeti.

Makro yoyote isiruhusiwe kufuta rekodi ya mgonjwa. Aliyefariki, aliyehama au aliyehamishiwa kliniki nyingine awekewe alama, asiondolewe. Kila makro inayohamisha rekodi ihesabu zilizoingia na zilizotoka, na zisipolingana isimame na kusema hivyo. Kitendo cha kushughulikia makosa, kilicholetwa na Access ya mwaka 2007, kitumike ili makro ikikwama imweleze karani imekwama wapi.

Kila makro iwe na ukurasa wake katika daftari la karatasi: jina lake, kazi yake, aliyeiunda, aliyeihakiki na tarehe ya kila badiliko. Aliyeiunda asiwe ndiye pekee aliyeihakiki. Uhakiki wenyewe hauhitaji mtaalamu: muuguzi huchukua majina 20 kutoka rejista ya karatasi, huamua kwa mkono nani hakurudi, kisha huona kama makro inakubaliana naye. Zoezi hilo lifanywe katika wiki ya kwanza ya mwezi, pale kosa la tarehe linapojificha, na lirudiwe kila makro inapoguswa.

Majedwali yakae katika faili moja, na fomu, hoja na makro katika faili nyingine iliyounganishwa nayo. Hivyo karani anaweza kuijaribu makro yake mpya kwa nakala ya data bila ya kuigusa ile ya kweli. Nakala ya akiba itolewe kila jioni na kuwekwa mahali pengine panapofungwa kwa ufunguo, katika diski iliyofungwa kwa neno la siri, wala si katika flashi inayozunguka mfukoni.

Sharti la nakala lina historia yake katika kisiwa hiki. Mwezi Mei 2008 umeme kutoka Tanzania Bara ulikatika, na Unguja ikakaa gizani kwa karibu mwezi mmoja. Ukakatika tena Desemba 2009, na haukurejea hadi Machi 2010. Kliniki iliyobaki na orodha iliyochapwa na rejista ya karatasi iliyo hai iliweza kuendelea. Kompyuta haipaswi kulifukuza daftari la karatasi. Inapaswa kulisaidia, na lenyewe lisimame kompyuta inapozimika.

Liko pia sharti la siri. Katika mitaa ya Mji Mkongwe, ambako baraza za nyumba zinatazamana na habari husafiri haraka kuliko miguu, orodha ya wagonjwa ni amana. Ripoti anayopewa mhudumu wa kuwatafuta wasiorudi iwe na jina, shehia, namba ya simu na maneno kwamba mtu huyo anaombwa kufika kituoni. Isiwe na jina la ugonjwa wala dawa. Makro hapa ina faida ambayo karani mchovu hana: ikishapangwa kuiacha safu ya ugonjwa, haitaisahau hata siku moja.

Muda uliookolewa uende wapi

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ni la haki. Mbona karani, ambaye mshahara wake ni mdogo na kazi yake ni nyingi, abebeshwe mzigo wa ufundi? Mzigo huo usiwe wa siri wala wa bure. Anayeunda na kutunza makro za kliniki anafanya kazi ya kitaalamu, na kazi hiyo iandikwe katika majukumu yake, ipangiwe saa zake na itambuliwe wakati wa kupandishwa cheo. Vyuo vinavyofundisha watunza kumbukumbu na watumishi wa afya vinaweza kuingiza somo fupi la kanzidata ya mezani linalofundishwa kwa Kiswahili, kwa rejista halisi zilizoondolewa majina. Madaktari nao wafundishwe kuuliza hoja nzuri, maana kompyuta hujibu kile tu ilichoulizwa.

Lililo muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba muda uliookolewa unamfikia mgonjwa. Programu ya malaria ya Zanzibar imeonyesha hilo linavyowezekana. Mwaka 2008 vituo 10 vya afya vilianza kutuma takwimu za malaria kila wiki kwa simu ya mkononi ili mlipuko ugunduliwe mapema. Kuanzia mwaka 2012 mfumo wa Coconut Surveillance ulimpeleka ofisa wa wilaya, akiwa na kishikwambi, hadi kituoni na kisha hadi nyumbani kwa mgonjwa, kuwapima waliokaa naye. Mifumo hiyo iliandikwa na wataalamu na ilistahili kuandikwa nao. Ila thamani yake haikuwa katika ustadi wa programu. Ilikuwa katika hatua ya mwisho, mtu kubisha hodi. Kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu haina ofisa wa kupeleka katika kila nyumba, lakini ina simu, ina wahudumu wa jamii, na ina masheha wanaowajua watu wao.

Makro itakayochapa orodha safi ya wasiorudi, kisha orodha hiyo ikalala mezani chini ya kikombe cha chai, itakuwa imeongeza karatasi tu. Kwa hiyo kila orodha iwe na safu moja tupu mwishoni, ya kujazwa kwa mkono: nani alimtafuta, lini, na alijibiwa nini. Safu hiyo irudishwe katika kanzidata jioni, na mkuu wa kliniki aisome kila Ijumaa kabla ya kazi kufungwa. Karani akiona kwamba jina alilolitoa Jumatatu limerudi Ijumaa likiwa na maneno "amefika, amepimwa, amepewa dawa," hatahitaji kuhimizwa aitunze makro yake.